Kopo Linalosikia Mnong'ono

Kibondo, Jumatatu, 10 Novemba 1997

Mvua tangu alfajiri. Wamekuja wateja wawili, na wote wawili wamekuja kujikinga, si kutengeneza redio. Mmoja kaniuliza mvua hizi zitakwisha lini. Nimemwambia mimi fundi redio, akamuulize aliyezileta. Firdausi kanisikia kutoka uani. Anasema nikikaa bila kazi mdomo wangu unawasha kama upupu, na kwa kuwa wateja ndio wanaotulisha, heri niandike ninachotaka kumwambia mtu kabla sijamwambia. Haya, mke wangu. Naandika.

Jumatano, 12 Novemba

Kaja Leonidasi, yule Muha wa Kasulu anayefanya kazi ofisi ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi wao njiani kutoka Burundi. Buti za mvua hadi magotini, matope hadi kiunoni. Simpendi sana. Ni mtu wa "tuone, tuone", anaahirisha kila kitu isipokuwa chai. Lakini leo kazi yake imenivuta.

Ofisi yao imeletewa kompyuta. Kina mama wa kambini wanaingia mmoja mmoja, wanasema jina la mtoto na mahali walipopotezana, kompyuta inashika sauti, halafu maneno yote yanaunganishwa kwenye kanda moja. Alhamisi gari linapeleka kanda Kasulu, kutoka huko inafika redioni, na Jumapili hiyo au ya pili yake inatangazwa, kambi zote zikisikiliza.

"Mpango mzuri, Salumu," akasema, "ila kompyuta yenyewe kiziwi."

Nimekwenda kuiona. Si kiziwi. Wameazima maikrofoni ya kanisani, ya zamani, nzito kama mchi, nayo inatoa umeme mdogo sana. Kompyuta ina kadi ya sauti ndani yake, na kadi hiyo inataka sauti iliyoshiba. Kwa hiyo unasema "Mungu wangu" kwa nguvu zako zote, na yenyewe inasikia mbu. Panatakiwa amplifaya ndogo katikati, ya kutangulia, ikuze sauti kabla haijaingia ndani.

Leonidasi akasema basi wataagiza Dar es Salaam. Nikamuuliza itafika mwaka gani, kwa barabara hii. Nitaitengeneza mimi.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimechinja redio tatu zilizokufa. Transista mbili nzuri, kapasita, resista za kutosha. Moja ya redio hizo ni ya marehemu baba, aliyokuja nayo kutoka Ujiji. Firdausi kaniangalia ninavyoifungua. Ilikuwa haiongei tena.

Jumanne, 18 Novemba

Nimeweka kila kitu ndani ya kopo la maziwa ya unga, betri sita za tochi pembeni. Umeme wa jenereta siutaki kabisa kwenye kazi ya sauti ndogo. Tumewasha. Leonidasi akaishika maikrofoni, akasema "Halo, halo," na kompyuta ikatutolea mtu anahubiri kwa Kifaransa. Kopo langu linakamata redio! Leonidasi kacheka mpaka kakohoa. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimelitibu. Nimefanya kama alivyonifundisha baba: redio ikisumbua, ipe ardhi. Nimepigilia chuma nje ya dirisha la ofisi, nikafunga waya kutoka kwenye kopo mpaka kwenye chuma. Mhubiri kanyamaza papo hapo. Leonidasi anasikika kama yuko ndani ya kichwa chako. Kaniita profesa. Nimeanza kumpenda kidogo.

Jumatatu, 24 Novemba

Wameletwa kina mama kumi na kitu kutoka kambini, wamelowa, wamekaa kwenye benchi wamejikunyata. Kopo limefanya kazi vizuri kwa wote isipokuwa mmoja.

Anaitwa Niyonkuru. Mwembamba, ana kovu kwenye nyusi, anasema Kiswahili kiasi. Kaja na shemeji yake, Tharsisi, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mpole wa kanisa, amembebea mwavuli. Mtoto anayemtafuta anaitwa Irakoze, msichana, miaka saba sasa. Walipotezana mwaka jana, risasi zilipolia usiku walipokuwa wanavuka bonde. Mama kamshika mkono mtu mwingine gizani, akidhani ni mwanawe.

Kaeleza vizuri, kwa Kirundi, sauti imara. Leonidasi akamwonyesha kidole: sasa taja babu wa mtoto. Hapo sauti ikazama. Midomo ilicheza, lakini kwenye kompyuta hakuna kitu, kimya kitupu.

"Rudia, mama, kwa sauti," Leonidasi akasema.

Karudia. Imara, imara, halafu kimya palepale. Mara tatu! Nikaanza kufungua kopo, nikidhani transista inakatika. Nikamwambia mama asogee karibu, akasogea, ikawa vilevile. Mwisho nikasema kwa hasira kwamba mtu anayemtafuta mwanawe hana haki ya kuona haya. Mama yule akainamisha uso. Tharsisi akasema taratibu, "Fundi, si haya." Wakaondoka na mwavuli wao.

Jioni nimemsimulia Firdausi. Mama yake ni Muha wa Kitahana, mambo haya anayajua kuliko mimi mtoto wa Ujiji. Kaacha kupepeta mchele, kanitazama kama mtu anayemtazama mjinga.

"Baba Khatibu, wewe umemwambia mwanamke wa watu amtaje baba mkwe wake mbele ya shemeji yake?"

Ndipo nilipoelewa. Kwao mwanamke aliyeolewa hamtaji baba mkwe kwa jina, maisha yake yote, hata mzee akiwa amekufa. Akilitamka amemvua nguo mzee, na mji mzima wa mumewe utamwona hana adabu. Lakini vilevile kwao hakuna jina la ukoo la kurithi. Kila mtoto anapewa jina lake peke yake. Kina Irakoze wako wengi kama mvua hizi, na kina Niyonkuru vilevile. Kinachomtambulisha mtoto ni mji wa babu: "Huyu ni wa kwa fulani." Ofisi ilikwisha kumtangaza Irakoze wa Niyonkuru bila jina la babu, wakaja Irakoze wanne, wote si wake.

"Mwanaume hayupo wa kumtajia?" nikauliza. "Huyo Tharsisi je?"

"Mtoto hamtaji baba yake redioni kama anauza ng'ombe," Firdausi akasema. "Na waliobaki wa mji ule ni hao wawili."

Nimejisikia vibaya. Nilimkaripia bure.

Jumatano, 26 Novemba

Kaja mwenyewe dukani, peke yake. Kapiga makofi ya salamu mlangoni, kakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Fundi, ile kopo yako, inasikia kiasi gani?"

Nikamwambia inasikia vizuri.

"Mtu akinong'ona?"

"Anong'one vipi?"

Akaangalia nje, kisha akageukia ukuta na kutoa pumzi tu, yenye umbo la neno. Mimi niliyekuwa hatua mbili sikusikia.

"Hivyo naweza," akasema. "Hivyo sijamtaja databukwe, baba mkwe wangu. Nimepumua. Kama kopo yako itachukua pumzi yangu na kuipigia kelele, hiyo ni shauri ya kopo. Kopo haijaolewa."

Nimecheka, Wallahi, nimecheka mpaka kapigwa na butwaa, halafu naye akatabasamu, meno ya juu tu. Huyu mama nilimwona mkaidi, kumbe mwanasheria. Nimemuahidi. Nimemwambia, mama Irakoze, kopo langu litasikia hata unachofikiri.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimeongeza transista ya tatu. Mvua imeingia dukani.

Jumanne, 2 Desemba

Kaja, Tharsisi hakuwepo. Nimefungua kitasa cha sauti mpaka mwisho, kaweka mdomo kwenye maikrofoni, kasema yote imara, kisha ile pumzi. Tukasikiliza, yeye kavaa spika za masikioni.

Jina limo. Limetoka! Lakini chini yake kuna mvumo, ngrrrr, mzito, kama mtu anasaga mahindi chumba cha pili. Kwa kina mama wengine haupo, kwa sababu kwao kitasa sikifungui sana. Kwake kila ninachokuza, mvumo nao unakua. Leonidasi kasikiliza, kasema anaelewa jina, ila kwa kutega sikio. Niyonkuru kavua zile spika taratibu.

"Inatosha," kasema. "Ipeleke. Gari ni keshokutwa."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia jina lake litasikika kwenye redio mbovu, kwenye kambi yenye watu wanapiga kelele, mvua inapiga maturubai, na mvumo huu utalimeza. Yote kweli. Nikamwambia, wiki moja tu, mama Irakoze, nitakupa sauti safi kama maji ya chemchemi.

"Mwanangu atalisikia," kasema. "Hata hivyo atalisikia."

"Kazi yangu haitoki dukani ikiwa hivi," nikasema. "Haraka haraka haina baraka."

Kaniangalia, kisha kamwangalia Leonidasi. Leonidasi kasema, "Mimi ningeipeleka, Salumu." Lakini kalisema kama anavyosema kila kitu, nusu nusu, na mimi ndiye fundi. Ikabaki.

Alhamisi, 4 Desemba

Gari limekwenda. Yake haimo.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimebadilisha betri. Mvumo upo.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimebadilisha transista ya kwanza. Upo. Nimefunika waya wote kwa karatasi ya sigara inayong'aa. Upo. Tumezima jenereta, kompyuta ikazimika, nikakaa gizani kama mwendawazimu nikisikiliza kopo peke yake: safi. Tumewasha jenereta: ngrrrr. Kwa hiyo ni jenereta. Lakini inaingilia wapi? Mimi natumia betri!

Jumatano, 10 Desemba

Mvua kubwa kuliko zote. Nimeshangaa: mvumo umeongezeka. Jana ulikuwa mzito, leo ni ng'ombe. Firdausi anasema mvua inaniingia kichwani. Niyonkuru kaja kuuliza, nimemwambia bado kidogo. Kasema tena ipelekwe ile ya kwanza. Nimemwambia kesho nitaona.

Alhamisi, 11 Desemba

Gari limeondoka mapema kwa kuogopa mvua. Nilikuwa bado nafungua kopo. Leonidasi hakunisubiri, na nimemtukana. Jioni nikaenda kumwomba radhi. Kasema, "Mimi nilikuja kugonga duka lako asubuhi, ukanifokea nisikuvuruge." Kweli alikuja. Mtu huyu niliyemwona mvivu anatembea kambini kila siku na matope yale, na kila jina la mtoto analo kichwani.

Jumatano, 17 Desemba

Daraja la njia ya Kasulu limekwenda na maji. Magari yamelala pande zote mbili. Wanasema maji yamebeba na migomba yenye mikungu yake.

Alhamisi, 18 Desemba

Hakuna gari.

Jumapili, 21 Desemba

Nimemwona Niyonkuru sokoni, amesimama chini ya bati la mtu. Nilitaka nipite upande wa pili. Kaniita yeye. Hakuuliza habari ya kopo, kauliza habari ya watoto wangu. Nimesema hawajambo. Nilitamani aniulize habari ya kopo.

Firdausi kaniambia jioni, "Ulisema haraka haraka. Na ngoja ngoja je, haiumizi matumbo?" Nimeacha chakula. Nilijua anasema kweli, ndiyo maana nilikasirika.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Kengele zote za mji. Hakuna gari.

Jumatano, 31 Desemba

Kesho tunafunga, Mungu akipenda. Daraja wanaweka magogo.

Jumamosi, 3 Januari 1998

Niandike hili polepole.

Asubuhi nilikwenda ofisini na kopo, Leonidasi kawasha jenereta, ngrrrr kama kawaida. Nikaenda nje kuangalia kile chuma changu. Kimezama kwenye dimbwi, ardhi yote imekuwa uji. Nikasimama pale nikitota. Nikajiuliza: mvua ikizidi, mvumo unazidi. Kitu gani kinachozidi mvua ikizidi? Udongo ukilowa, umeme unapita vizuri zaidi ardhini. Na jenereta nayo ina chuma chake ardhini, nyuma ya choo, na kompyuta imefungwa huko. Kopo limefungwa kwenye kompyuta, na tena limefungwa kwenye chuma changu. Nilikuwa nimetengeneza duara, kutoka jenereta kwenda kompyuta, kwenda kopo, kwenda udongoni, kurudi jenereta, na mvumo ulikuwa unazunguka humo ukila raha.

Nikaingia ndani, nikashika ule waya wa ardhini, nikauchomoa.

Kimya.

Leonidasi kaitoa pumzi, hata pumzi yake ilisikika. Nikaweka kapasita ndogo mdomoni mwa kopo kumzuia yule mhubiri wa Kifaransa, kazi ya dakika chache. Basi. Mwezi mzima, transista zote zile, betri, ugomvi, na kitu kilichokuwa kinavuma nilikiweka mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nifanyavyo siku zote. Redio ikisumbua, ipe ardhi. Hii haikuwa redio.

Leonidasi alitaka kunipongeza. Nikamwambia anyamaze.

Jumatatu, 5 Januari

Niyonkuru kanong'ona upya. Sauti safi, jina limekaa wazi kabisa, unasikia hata meno yake. Sikujisikia furaha niliyoitazamia. Yeye kasema tu, "Ego, ndiyo. Sasa ipeleke."

Alhamisi, 8 Januari

Gari limepita juu ya magogo. Imo.

Jumapili, 18 Januari

Imetangazwa. Nilikuwa nimefunga, nimekaa dukani na redio mbele yangu, Firdausi amesimama mlangoni. Sauti yake ikaja, imara, na mwisho wake lile jina, kubwa, wazi, kama limesemwa na mtu aliyesimama kilimani. Firdausi kajiziba mdomo kwa kanga. Mimi sikujua jina linaweza kuwa kubwa kiasi kile. Sitaliandika hapa.

Jumanne, 20 Januari

Leonidasi ametoka kambini na habari mbaya. Tharsisi amemfukuza Niyonkuru. Yule mtu mpole! Walikuwa wanasikiliza wengi, redio moja, na jina la baba yake lilipotoka kwa sauti ya shemeji yake, watu waligeuka kumtazama yeye. Akamuuliza mbele ya wote kwa nini amemvua nguo mzee. Kamjibu kama alivyonijibu mimi, kwamba amenong'ona, kopo ndilo lililosema. Wazee hawakukubali. Wanasema pumzi ina mwenyewe. Vyombo vyake vimetolewa nje, kwenye mvua. Amelala kwa mama mmoja wa kanisani.

Leonidasi kamuuliza kama anajuta. Kasema, "Irakoze akija, nitajuta tukiwa wawili."

Alhamisi, 22 Januari

Ameitika mtu.

Leonidasi alituma niitwe nikiwa katikati ya redio ya mtu, nikaacha vyuma mezani. Ofisi ya Kasulu ilikuwa hewani kwenye redio yao ya mawasiliano, na huko kuna mzee anayeitwa Makarius, wa kambi ya huko, amekuja kwa ajili ya tangazo. Niyonkuru tayari alikuwa amekaa, mikono mapajani. Nilisimama mlangoni. Sauti ya mzee ilikuja na kukwama, inabidi usubiri aseme, aachie, ndipo ujibu.

Kasema walimwokota mtoto barabarani mwaka juzi, anaumwa macho. Aliitwa Irakoze. Alipoulizwa wewe ni wa nani, alikuwa anataja jina lile lile lililosemwa Jumapili, la babu yake, kila siku, kwa sababu ndilo alilolijua. Anapenda kubeba mtoto mgongoni hata kama ni gunia. Ana alama ya moto hapa, akasema, na sisi hatukuona hapo ni wapi, lakini Niyonkuru alishika kifundo chake cha mguu.

"Ni yeye," kasema. "Mwambie ni yeye. Mwambie nakuja."

Leonidasi alibonyeza, akasema. Tukasubiri. Redio ililia hewa tupu muda mrefu. Halafu mzee akasema kwa Kirundi, na Leonidasi hakunitafsiria mpaka baadaye, ila uso wake ulikwisha kuniambia. Surua ilipita kambini kwao. Mtoto alizikwa siku chache kabla ya Krismasi, nyuma ya kanisa lao la maturubai. Walikuwa wanamwombea kama mtoto wao. Wangejua yupo mama, wangemtuma mtu.

Niyonkuru hakulia pale. Kauliza swali moja, kwa Kirundi: alikuwa anaumwa tangu lini? Mzee kasema aliugua siku daraja lilipokwenda. Kabla ya hapo alikuwa anacheza.

Nilitoka nje. Nilikaa kwenye ule ukingo karibu na dirisha, ambapo chuma changu bado kimesimama kwenye matope.

Jumamosi, 24 Januari

Sikufungua duka. Nimehesabu, ingawa sitaki kuhesabu. Ile ya kwanza, yenye mvumo, ingekwenda na gari la Desemba nne, Makarius angeisikia Jumapili ile au inayofuata, na daraja lilikuwa bado limesimama. Sisemi surua isingemchukua. Surua haiogopi mama. Lakini angemkuta anacheza.

Firdausi kasema, "Usijipe kazi ya Mungu." Nimemwambia Mungu hakupigilia kile chuma.

Jumatano, 28 Januari

Kaja dukani.

Nilimwona anavyovuka barabara bila mwavuli, nikataka kujificha nyuma ya rafu, nikaona haya, nikabaki. Kapiga makofi ya salamu. Nikafungua mdomo nimwite, nikakwama. Tangu siku ile ya kwanza nimezoea kumwita mama Irakoze. Sasa nimwiteje?

Kaona. "Bado ni huyo," kasema. "Niite hivyo hivyo."

Kakaa kwenye ndoo. Nikasema yote niliyokuwa nayo, yakatoka vibaya, yamechanganyikana: waya, udongo, jenereta, kwamba ni mimi niliyeleta mvumo ule na ni mimi niliyekataa. Nikasema pole mara nyingi mpaka ikawa kelele. Hakunikatiza. Nilitaka anitukane. Ningeshukuru angenitukana kwa Kirundi ambacho sikijui.

"Nilikwambia inatosha," kasema.

"Ndiyo."

"Mimi si fundi. Lakini niliisikia. Na mtoto wangu angeisikia, hata kama redio ingekuwa inakaanga karanga. Mtu hasikii jina la kwao kwa masikio tu." Kaangalia barabara. "Kutoka hapa mpaka Kasulu ni siku nne. Ningekwenda kwa miguu, fundi. Usiku na mchana."

 

Nikamuuliza anakwenda wapi. Kasema kwa Makarius, kuliona kaburi, na hajui kama atarudi, maana kambini hana mji tena. Kasimama, kajifunga kanga. Firdausi katoka uani na chapati alizokuwa ametayarisha kwa futari yetu, akamfungia zote kwenye gazeti, na wakashikana mikono muda mrefu. Mimi hakunipa mkono. Alitoka akashika njia ya Kasulu, mvua ikiwa nyembamba.

Ijumaa, 30 Januari

Idd. Nimeswali. Watoto wamevaa nguo mpya. Tharsisi amekuja mpaka mlangoni, amelowa, kauliza kama ninajua shemeji yake amekwenda wapi. Kasema mke wa kaka yake hawezi kulala njiani. Nimemwambia njia ya Kasulu. Kasimama kidogo, kisha kaondoka, sijui kama kamfuata au karudi kambini.

Jumatatu, 2 Februari

Leonidasi kaniletea mtu, mama mmoja aitwaye Immakulata, wa kutoka upande wa Munanila. Anatafuta mwanawe wa kiume. Nilimwambia Leonidasi nimeacha kazi ile, atafute fundi mwingine. Kakaa kwenye ndoo yangu na buti zake, kakataa kuondoka. Kasema, "Salumu, kuna kina mama sitini kwenye benchi na kopo hilo unalijua wewe tu." Sikujua anaweza kuwa mkaidi hivyo.

Jumanne, 3 Februari

Nimekwenda. Immakulata kasema vizuri, halafu akafika kwa baba mkwe, akashusha sauti, na macho yake yakaja kwangu. Habari za kopo zimeenea kambini, pamoja na yaliyompata mwenzake. Nikamwambia kwa sauti ya chini, mama, ukinong'ona hapa watasikia wote, kambi nzima. Nikamwambia na la Tharsisi, lote. Sikutaka adanganyike. Kafikiri kitambo, akaisogelea maikrofoni, akanong'ona.

Tukasikiliza. Wamehamisha jenereta jana, karibu zaidi na chumba, na mvumo umerudi, si mkubwa, ila upo, chini ya jina. Ninajua nianzie wapi kuutafuta. Pengine siku mbili, pengine tatu.

"Kuna mvumo," Leonidasi kasema, huku ananiangalia usoni.

"Jina linasikika?" nikamuuliza mama Immakulata.

Kakandamiza spika masikioni. "Linasikika."

"Peleka," nikasema.

Alhamisi, 5 Februari

Gari limeondoka saa tatu asubuhi. Imo, na mvumo wake.